Dirisha la paa halizibwi kwa silikoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako, na radhi kwa urefu wa barua naiomba mapema. Nilisomesha darasa la nne kwa miaka 31, na mwalimu akishashika chaki hajui kuiweka chini.

Masika ya mwaka jana yalinikuta na mabeseni matatu kwenye ngazi ya ndani ya nyumba yangu, hapa Kuze, Mji wa Kale. La kwanza lilikaa kidato cha juu kabisa, la pili pale ngazi inapopinda, na la tatu nililiweka chini karibu na mlango kwa sababu matone yalikuwa yakirukia viatu vya wageni. Usiku nilijua mvua imezidi bila hata kufumbua macho, maana beseni la bati hulia tofauti na la plastiki.

Maji yalikuwa yakiingia kwenye dirisha la paa. Msomaji asiyezijua nyumba zetu huenda akauliza dirisha linatafuta nini huko juu. Nyumba hizi zimepakana ukuta kwa ukuta, kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni, na nje ni kichochoro ambacho mikokoteni miwili haipishani. Mwanga wa ubavuni haupo. Waliojenga wakatoboa paa juu ya ngazi, wakaweka kioo, na mwanga ukawa unashuka orofa mbili mpaka ukumbini. Ukilifungua, joto la nyumba nzima nalo hupandia hapo likatoka. Babake marehemu mume wangu aliponunua nyumba hii alilikuta dirisha lipo: fremu ya chuma, upana futi mbili, urefu futi mbili na nusu, kioo kizito chenye wavu wa waya ndani yake, na fimbo ndefu ya kulisukumia. Limezungukwa na vigae vyekundu vya Mangalore, India.

Niliita fundi. Akapanda, akashuka, akasema, "Mama, kioo kimepasuka pembeni, maji yanaingia hapo." Akapaka lami. Mvua ya wiki iliyofuata ikapita kama kwamba lami ni siagi.

Nikaita wa pili. Huyu alikuja na mirija minne ya silikoni na maneno mengi. Akalitoa bati lililooza juu ya dirisha, akaweka jipya linalong'aa, akaligandisha kwa silikoni pande zote. Kwa siku kumi na moja nilimwombea dua. Ya kumi na mbili nikayarudisha mabeseni.

Wa tatu alileta saruji. Alijenga kijikingo kuzunguka fremu, unene wa ngumi, kikapendeza kwa macho. Kilipovuja pia, alinishauri nilifunge tundu lote kwa bati na katikati nitie plastiki ya kupitisha mwanga. "Mama, haya madirisha ya zamani ni ya kutupa." Nami nilikaribia kukubali. Nyumba ya tatu kutoka kwangu walifanya hivyohivyo. Leo taa ya ngazi yao inawaka saa sita mchana, na plastiki yenyewe, baada ya jua la miaka miwili, imekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Kilichoniokoa ni arusi. Mpwa wetu alikuwa anaolewa mwezi wa Disemba, na mdogo wangu akaja kutoka Wales alikokaa miaka 22, kazi yake mapaa. Sijui kwa nini sikuwahi kumuuliza. Labda kwa sababu kwangu mimi bado ni yule mtoto aliyeanguka mwembeni akavunjika mkono. Aliyaona mabeseni yamepangwa chini ya ngazi, akauliza, nikamweleza habari za mafundi watatu. Hakusema kitu. Akaomba ndoo, kopo, na mtu wa kusimama ndani aangalie juu. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Hapa naomba wenye nyumba wasome polepole. Hakumwaga maji ovyo juu ya dirisha. Alianza chini yake, kwenye vigae vilivyo upande wa mlizamu, kopo baada ya kopo, kisha akangoja. Kukavu. Akamwagia ubavu wa kulia, akangoja. Kukavu. Ubavu wa kushoto, kukavu. Akamwagia juu ya kioo chenyewe, penye ule ufa uliolaumiwa na mafundi wote watatu: tone moja, likakauka. Mwisho akamwagia vigae vilivyo juu ya dirisha, upande wa mwamba wa paa. Nilihesabu mpaka ishirini na mbili, maji yakanipata usoni.

Aliposhuka aliniuliza, "Dada, bati lile la juu nani alililaza?"

"Fundi wa pili."

"Basi ngoja nikuoneshe." Akauchukua ushungi wangu uliokuwa kwenye kiti. "Ukivaa hivi, ushungi ukaanguka juu ya buibui, mvua inapita wapi?"

"Inapita juu, inaanguka nje."

"Na ukiuchomeka ndani ya kola?"

"Inaniingia mgongoni."

"Fundi wako ameuchomeka ndani ya kola."

Yaani bati la juu ya dirisha linatakiwa liingie chini ya vigae vya juu, halafu lipite juu ya fremu. Maji yanayoteremka kwenye paa yaangukie bati, yagawanyike kulia na kushoto, yashuke ubavuni, yatoke juu ya vigae vya chini. Fundi wa pili alililaza juu ya vigae vya juu, kisha akategemea silikoni izuie maji yasipenye chini yake. Silikoni haikudumu. Yule wa tatu naye, kwa saruji yake nzuri, akajenga bwawa: maji yakakosa pa kutokea, yakajaa, yakarudi nyuma chini ya vigae mpaka kichwani kwangu.

Ufa wa kioo nao una maelezo yake. Chuma kikishika kutu huvimba. Fremu ile imekula chumvi ya bahari miaka na miaka, kutu ikajaa kwenye kona, ikakibana kioo mpaka kikalia. Kwa hiyo ufa ulikuwepo kweli, na kila fundi aliuona, na kila fundi aliishia hapo. Wanafunzi wangu wa hesabu walikuwa na tabia hiyo: wakiona namba wanayoijua wanaacha kusoma swali.

Jioni, kwenye kahawa, nilimuuliza huko kwao wanafanyaje. Alicheka. Huko hakuna vigae kama hivi katika nyumba nyingi alizofanyia kazi. Paa ni sleti. Nilipoanza darasa la kwanza tuliandikia sleti, lile jiwe la kijivu lenye fremu ya mbao, na kufuta tulifuta kwa mate ingawa mwalimu alikataza. Sikujua kwamba kuna watu wanalala chini yake. Jiwe hilo hupasuliwa kuwa bamba jembamba, na milima ya kaskazini ya Wales, penye machimbo kama yale ya Bethesda, imeezeka mapaa ya nchi nyingi. UNESCO iliiingiza sehemu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021, miaka kumi baada ya Ngome yetu, Fort Jesus. Na vipimo vyake vina majina ya mabibi wa kifalme: sleti ya inchi 24 kwa 12 ni Duchess, ya 20 kwa 10 ni Countess, na ndogo kuliko hizo ni Lady. Nilimwambia mdogo wangu kwamba hiyo ndiyo sababu wanaume wa huko hupanda paani kwa adabu.

Sleti haishikani na mwenzake kama kigae. Ni bamba tupu, limepigwa misumari miwili, basi. Kinachozuia maji ni jinsi zinavyolaliana: kila moja hufunika ya chini yake, ikaenda mbele kidogo mpaka ifunike kichwa cha ile ya tatu. Hakuna mahali pa paa penye tabaka moja. Kubadilisha dirisha la zamani kwenye paa kama hilo ni kazi ya kupangua na kupanga upya. Fundi ana chuma kirefu bapa chenye ndoano mwishoni, anakiingiza chini ya sleti, ananasa msumari asiouona, anaukata kwa pigo la nyundo. Sleti inateleza nje nzima. Anazipanga kwa mpangilio alioziondolea, na hata mwangalifu huvunja chache, kwa hiyo huwa ametafuta nyingine kuukuu za unene uleule kabla hajagusa paa. Ndipo fremu ya zamani inapong'olewa, mpya inaketishwa, na mabati yanafuata: la chini kwanza, ya ubavuni, la juu mwisho. Mpangilio huo haubadiliki, kama ule wa kuvaa. Wanaofuata mtindo wa kale hutumia bamba za madini ya risasi, na ubavuni kila safu ya sleti ina kipande chake kilichopenyezwa kati yake na safu inayofuata.

Jambo moja alilikazia. Mabati yanayouzwa pamoja na madirisha ya kiwandani ni ya aina tofauti kwa sleti na kwa vigae, na ameshaona watu wakinunua ya vigae kwa paa la sleti kwa sababu yalikuwa na punguzo la bei. Sleti ni bapa. Kigae kina migongo, kwa hiyo bati la chini sharti liwe laini la kukandamizwa lifuate kila mgongo na kila bonde, na la ubavuni liwe mfereji mrefu unaopita chini ya vigae. Mtu akiwa na dirisha la kiwandani la zamani, alifungue kwanza atazame juu ya ubawa, ile sehemu inayofunguka: kuna kibao kidogo chenye herufi na namba za kipimo. Kwa namba hizo anapata linalolingana bila kukata kenchi.

Nilifikiria kuagiza la namna hiyo. Kiwanda cha VELUX cha Denmark kimekuwa kikiyatengeneza tangu miaka ya 1940, na jina lenyewe limeunganishwa kutokana na hewa na mwanga. Lakini vipimo vyao vimekatwa kiwandani na tundu letu limekatwa na fundi aliyekufa zamani. Tungelazimika kukata mbao za paa ili tulikaribishe dirisha. Na wao wanapigana na vita vingine. Kule kioo hutoka jasho wakati wa baridi, kwa hiyo wanaivika fremu kitu cha kuzuia baridi pande zote. Sisi tuko nyuzi nne kusini mwa ikweta, jua mara mbili kwa mwaka linasimama utosini. Adui wetu ni joto na chumvi. Dirisha la paa lisilofunguka, Mombasa, ni jiko.

Basi tukatengeneza letu. Kwa vile Mji wa Kale umehifadhiwa kisheria, nilikwenda kwanza kuomba ruhusa, nikiwa na picha za tundu na vipimo. Kwa kuwa hatukuongeza ukubwa wala kubadilisha umbo, hapakuwa na mjadala mrefu. Fundi wa alumini akatengeneza fremu, kioo kikawa cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando katikati ili kikivunjika kisimwangukie mtu. Chini yake tukaweka ukingo wa mvule unaonyanyuka inchi nne juu ya vigae. Mdogo wangu alitaka yale mabati yakunjwe kwa mkono, na hapo nikamkumbuka mzee mmoja wa Majengo, fundi bati anayetengeneza majiko. Tulimpelekea kielelezo cha karatasi. Alikigeuzageuza, akasema, "Hili ni karai lisilo na upande mmoja." Alielewa kuliko wote waliopanda juu ya paa langu. Kona hakuzikata akaziunga. Alizikunja kama mtu anayekunja bahasha, akasema kona isiyokatwa haina pa kuvuja.

Kazi yenyewe ilichukua asubuhi mbili, mwezi wa Januari, kaskazi inavuma na mawingu hakuna. Walianza baada ya sala ya alfajiri na kushuka kabla ya saa nne, kwa sababu baada ya hapo vigae huunguza. Hawakukanyaga vigae, walilaza ngazi yenye ndoano iliyoshika mwambani, kamba kiunoni. Vilitolewa vigae 46. Vitatu vilivunjika. Nyuma ya kila kimoja pana mhuri wa kiwanda, umefutika nusu, neno Mangalore linasomeka bado. Wamisionari wa Basel, Uswisi, ndio walioanzisha kiwanda cha vigae huko mwaka 1865, na vikafuata viwanda vingine chungu nzima, kila kimoja na kalibu yake. Hilo nililijua kwa hasara: nilinunua vigae vitano dukani, rangi ileile, urefu uleule kwa macho, vikakataa kushikana na vyangu kwa upana wa kidole kimoja. Ilibidi nizunguke na kigae changu kwapani siku mbili, mpaka nikapata tisa kwenye nyumba iliyokuwa ikivunjwa Makadara.

Saruji yote ya fundi wa tatu iling'olewa kwa patasi. Kijana aliyekuwa akisaidia alitaka kurudisha kidogo pembeni "kwa usalama". Mdogo wangu alimfokea, na si mtu wa kufoka. Alumini na saruji mbichi havikai pamoja, saruji huila. Tena paa hutanuka mchana na kunywea usiku, na saruji haijui kufanya hivyo, inapasuka. Misumari nayo ikawa ya chuma kisichoshika kutu. Juu ya dirisha aliacha mfereji wa inchi nne, upana wa kuingia mkono, na nilipouliza kwa nini upana wote huo, alinyoosha kidole kwa kunguru waliokuwa wametupanga safu ukutani. Kunguru wa Mombasa hubeba mifupa, vifuniko vya chupa, hata sabuni. Sasa mjukuu wangu hupanda kuusafisha mfereji ule kabla ya masika na kabla ya vuli. Mara ya kwanza alishuka na kijiko changu cha chai.

Gharama yote, pamoja na mbao, kioo na ujira, ilikuwa shilingi 64,000, na mdogo wangu hakudai kitu zaidi ya biriani. Mafundi watatu wa kwanza walikuwa wamekula 21,000. Siwataji na siwalaani. Hakuna aliyewafundisha, na mimi mwenyewe kila mara nilimchagua wa bei ya chini. Ningependa vyuo vyetu vya ufundi viwe na hata wiki moja ya kulaza mabati kwenye paa la vigae, na yule mzee wa Majengo aitwe kufundisha maadam yupo. Mwenye nyumba naye, kabla ya kutoa pesa, amuulize fundi swali moja: bati la juu litaingia wapi? Akijibu kwa kutaja silikoni, ampe chai, amuage.

Mwezi wa Mei mwaka huu mvua ilinyesha usiku kucha, ile ya kufunga barabara. Niliamka mara mbili nikaenda kusimama kwenye ngazi gizani, mkono juu, nikingoja tone. Asubuhi niliona nimeliacha beseni la bati kwenye kidato cha juu kwa mazoea. Ndani mlikuwa na vumbi na mende mmoja.

Vigae sita katika vile tisa vya Makadara vimebaki uani kwangu, vimeegemezwa kisimani. Mwenye paa la aina hiyo aliyepungukiwa aje Kuze aulize nyumba ya mwalimu mstaafu, atapewa bure. Lakini aje na kigae chake kimoja, tukijaribishe kwanza kama kinashikana.

Mwalimu mstaafu,
Kuze, Mji wa Kale, Mombasa